Milioni moja na nusu, mashine ya kuhariri video za harusi: usianze na grafiksi kadi

Mkuu, swali lako nimelielewa. Una milioni moja na nusu, kioo na kibodi unavyo, unataka kuunga kompyuta ya mezani ya kuhariri video za harusi kwenye programu ya Premiere na mabango mawili matatu, na jamaa yako kakwambia tafuta GTX, grafiksi kadi ya Nvidia, kwanza, vingine vitafuata. Mimi nakula kwa kazi hiyo hiyo ya harusi na send-off hapa Dar, na mashine kadhaa za wenzangu nimeziunga mwenyewe. Jamaa yako anafikiria magemu.

Kabla hujaulizia bei ya chochote, angalia kamera yako inarekodi nini. Kamera mpya za Sony na Canon zinaweza kurekodi H.265 ya 10-bit 4:2:2, yaani video iliyobanwa sana lakini yenye rangi nyingi. Faili zake ni ndogo lakini kuzifungua ni shughuli, na kadi za Nvidia, kuanzia GTX mpaka RTX za mfululizo wa 40, hazina sehemu ya kuzifungua. Uwezo huo umekuja kwenye mfululizo wa 50, ambao kwa bajeti yako tuuache. Intel wao wameuweka ndani ya prosesa zao za mezani tangu kizazi cha 11. Kwa hiyo i5-12400 tupu, prosesa ya Intel ya kizazi cha 12, bila kadi yoyote, inaicheza 4K ya namna hiyo vizuri kuliko i7 ya kizazi cha 4 iliyobebeshwa GTX 1660. Nimeziweka meza moja, faili moja: kwenye ya kwanza bwana harusi anatembea, kwenye ya pili anaruka kama picha za mnato.

Ukiichukua hiyo 12400, soma jina mpaka herufi ya mwisho. Yenye F, yaani 12400F, haina grafiksi ya ndani. Bei yake inapungua kidogo na muuzaji atakwambia ni ile ile. Hicho kilichokosekana ndicho wewe unachokinunua. Kama kamera yako ni ya zamani na inatoa H.264 ya kawaida ya 8-bit, hapo Ryzen 5 5600G ya AMD nayo inakutosha kabisa, ina grafiksi yake ndani na mazabodi za soketi yake, AM4, zimejaa. Ukipewa mazabodi ya B450 ya mtumba dai uione imewaka na prosesa hiyo hiyo, kwa sababu BIOS ya zamani, programu ndogo inayoiwasha mazabodi, haizitambui Ryzen za 5000.

Kwa 12400, mazabodi ya H610 inatosha, usibabaishwe na zenye mataa. Ina sloti mbili tu za RAM, na zipo za RAM ya DDR4 na za DDR5, haziingiliani, kwa hiyo soma boksi. Chukua DDR4. Bei ya RAM imepanda vibaya tangu mwishoni mwa 2025, viwanda vinakimbilia kuhudumia vituo vya data vya akili bandia, kwa hiyo hapa mtumba si dhambi. Vijiti viwili vya 8GB ni bora kuliko kimoja cha 16, hasa kwa mashine inayotegemea grafiksi ya ndani, maana grafiksi hiyo inakula RAM hiyo hiyo. Ukiona RAM ya bei ya kutupa imeandikwa RDIMM au Registered, hiyo ni ya seva, kwako haitawaka.

Sasa pawa saplai, na hapa ndipo nakuomba usibane hela. Ile inayokuja bure ndani ya kesi imeandikwa 500W kwa herufi kubwa, ukiishika unahisi imejaa hewa. Igeuze usome karatasi ya ubavuni, mstari wa +12V. Kama imeandikwa 18A, zidisha kwa 12: ni wati 216. Hizo nyingine ni mapambo. Mashine yako bila kadi haifiki hata wati 200, kwa hiyo tatizo si ukubwa tu, ni vile umeme wetu unavyopanda na kushuka halafu ndani hakuna kinga ya maana. Ikifa inaondoka na mazabodi. Nunua ya kampuni inayojulikana, 450W au 550W, mpya. Na kwenye mashine zilizotoka Marekani chungulia nyuma: pawa saplai nyingine zina kiswichi chekundu cha 115 na 230. Ikiwa kwenye 115 ukaichomeka kwenye umeme wetu, utasikia mlio mmoja na harufu utaijua.

Wengine hapa watakushauri uchukue Dell OptiPlex au HP EliteDesk za maofisini, na kwa mtu wa Word na Excel niko nao. Lakini nyingi mazabodi yake haitumii ile plagi ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo pawa saplai ya dukani haiingii hivi hivi. Zile nyembamba zinataka kadi fupi, na bila waya wa ziada kadi inaishia wati 75 za sloti. Ukiamua kwenda huko, usishuke chini ya kizazi cha 8, kwa sababu Windows 10 ilikatiwa msaada Oktoba 14, 2025 na Windows 11 rasmi haikubali Intel za chini ya hapo.

Kwa kuhifadhi, SSD ya NVMe (ile ya kasi inayochomekwa kwenye mazabodi) ya 500GB kwa Windows na kazi inayoendelea, harusi zilizokwisha zihamie kwenye hard disk. Ya mtumba ipime kwa CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha afya ya diski, mbele ya muuzaji. Kesi yoyote yenye wavu wa vumbi na feni mbili.

Hiyo GTX iache mpaka kazi yenyewe ikudai. Hujasema kamera ni modeli gani na unarekodi kwa mpangilio upi. Weka hapa kabla hujashuka Kariakoo, maana jibu hilo ndilo litaamua kama ni 12400 au 5600G.