Majani ya mwarobaini na chembe za fedha

SWALI: Mwanangu anayesoma kemia anasema kwamba majani ya mwarobaini hutengeneza chembe ndogo mno za madini ya fedha. Je, ni kweli? Msomaji, Kirumba, Mwanza.

JIBU: Ni kweli, mama. Majani huchemshwa, maji yake yakachujwa na kuchanganywa na myeyusho wa nitrati ya fedha, yaani chumvi yenye madini hayo. Fenoli na flavonoidi, kemikali za asili zilizomo majanini, huzipa ioni za fedha (atomi zilizopungukiwa elektroni) elektroni, zikawa chembe za nanomita 1 hadi 100 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), kisha kemikali hizo huzifunika chembe zisigandamane. Manjano hafifu hugeuka kahawia mbele ya macho yako, jambo ambalo kwangu ndilo uzuri wa kazi hii. Hata magugu maji yanayotusumbua ziwani hufaa, vilevile baadhi ya bakteria na kuvu. Tafadhali, mchanganyiko huo wa fedha usinywewe wala usimwagwe ziwani, kwa kuwa fedha huua viumbe wadogo wanaoliwa na samaki.