Tangi la maji ya bahari: usitie samaki siku ya kwanza

Ndugu yangu, umeuliza kama unaweza kuchota maji baharini, kuyamimina kwenye tangi na kutia samaki jioni hiyo hiyo. Hapana, tafadhali. Watakufa.

Maji yenyewe huenda ni mazuri, hasa ukiyachota bahari ikiwa imejaa, mbali na midomo ya mito na mifereji ya maji machafu. Shida ni kwamba tangi jipya halina bakteria wa kutosha wa kusafisha maji. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, sumu kali kwa samaki. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni hatari, kisha nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi. Kujenga makao kwenye mawe na mchanga huwachukua kama wiki 4 hadi 6. Kwa hiyo panga mawe, washa pampu, tia amonia kidogo, uwe unapima. Amonia na nitriti zikisoma sifuri zote mbili, anza na samaki mmoja au wawili wadogo. Matumbawe yasubiri miezi kadhaa, na usiyavunje baharini, nakuomba. Kipande cha kiganja kimekua kwa miaka.

Kama hujanunua tangi, lita 150 ni rahisi kulitunza kuliko lita 40, maana maji mengi hayabadiliki ghafla.

Halafu maji yakipungua kwa mvuke, ongeza maji yasiyo na chumvi wala klorini. Chumvi haiendi na mvuke. Ukijazia ya bahari kila siku, ukali wake utapanda.