Barua kwa mwanangu aliyepangiwa Rasilimali Watu

Mwanangu mpendwa,

Juzi kwenye simu nilikuomba siku mbili za kufikiri, nawe ukanipa. Uliomba Sheria, ukapangiwa Shahada ya Usimamizi wa Rasilimali Watu pale Chuo Kikuu Mzumbe, Morogoro, na shangazi yako akakwambia hiyo ni kozi ya waliokosa pa kwenda. Unauliza uthibitishe udahili au ukae nyumbani mwaka mzima uombe upya.

Thibitisha, mwanangu. Nina sababu, na moja yake sijawahi kukusimulia.

Unakumbuka mwaka niliostaafu, 2023, ulikuwa kidato cha tano, ukawa unaniuliza kila likizo mbona nyumba haiezekwi. Nilikujibu kwamba fundi ana kazi nyingi. Haikuwa hivyo. Mafao yangu yalikwama. Nilifika ofisi ya utumishi na bahasha yangu ya nyaraka, wakanionyesha kwamba jalada langu halina barua ya kuthibitishwa kazini. Nimeuguza watu miaka thelathini na sita, nimepanda madaraja, nimehamishwa mara mbili, halafu karatasi moja ya mwaka 1988 haionekani. Afisa niliyemkuta akaniambia nirudi wiki ijayo. Nilirudi. Akaniambia wiki ijayo tena. Miezi minne nilikuwa nikipanda basi asubuhi na kurudi jioni mikono mitupu, na nauli yenyewe ya kukopa kwa jirani.

Mwezi wa tano wa kuhangaika nikamkuta kijana mgeni pale, amehamia kutoka wilaya nyingine. Hakuniambia nirudi. Alinipa kiti, akaniuliza nilianzia kituo gani, nani alikuwa mganga mkuu wakati ule, tuliajiriwa wangapi kwa pamoja. Akashuka masijala akatoa tange ya zamani, lile daftari la orodha ya majalada, akafuatisha namba za majalada moja baada ya jingine. Jumamosi akanipigia simu. Barua yangu ilikuwa imefungwa ndani ya jalada la muuguzi mwenzangu tuliyefanana majina, marehemu sasa. Ilikaa humo miaka yote hiyo. Nililia, mwanangu, na yeye akanyamaza tu kwenye simu mpaka nilipomaliza.

Kwa hiyo mtu akiniambia kazi hiyo ni ya kupanga mafaili, namjibu kwamba ndani ya faili moja yumo mtu mzima na watoto wake.

Wewe unalilia Sheria. Huko hutaikosa. Utaisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na nakusihi uisome kifungu kwa kifungu, usitosheke na muhtasari wa mwalimu. Mjomba wako aliachishwa kazi kiwandani kwa mdomo, hakusikilizwa wala hakuandikiwa chochote. Sheria inadai mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki, na anayelalamikia kuachishwa ana siku 30 tu za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mjomba alikwenda baada ya miezi mitatu, kwa kuwa ofisi ya rasilimali watu ya pale ilimwambia asubiri, ataitwa. Yule aliyemwambia asubiri naye alikuwa na shahada kama utakayoipata wewe. Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko ajira.

Na kuhusu ajira sitakudanganya. Nafasi ya afisa utumishi ikitangazwa na Sekretarieti ya Ajira, waombaji ni umati, unapita mchujo wa kuandika kabla ya kuonana na mtu. Ndiyo maana sitaki ujifungie kwenye wazo la halmashauri peke yake. Morogoro mna viwanda vya sukari, Kilombero na Mtibwa, vyenye vibarua wengi wa msimu. Omba mafunzo ya vitendo mahali kama hapo. Ukiweza kupanga mikataba, zamu na malipo ya watu wanaokuja na kuondoka na msimu, ofisi yenye watu hamsini haitakutisha. Takwimu usizikimbie, najua unazikimbia.

Mzumbe yenyewe usiione ngeni. Sisi tuliijua kama IDM, Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, na kabla ya hapo, tangu 1953, palikuwa shule ya kufundisha watendaji wa serikali za mitaa. Imekuwa chuo kikuu mwaka 2001. Wakubwa wengi wa utumishi niliowahi kupeleka barua mezani kwao walipitia pale chini ya milima ya Uluguru.

Jambo jingine. Aprili 2017, Rais Magufuli alipopokea pale Dodoma orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, hospitalini kwetu tuliacha chai tukasikiliza redio. Wote waliwalaani walioghushi. Mimi nilikuwa nawaza: vyeti hivyo vilipokelewa na nani siku ya kwanza, akavigonga muhuri bila kuvitazama? Na wale waliokata rufaa wakisema wameonewa, nani alikaa nao akafungua majalada yao upya? Pande zote mbili ni meza hiyohiyo unayoulizia.

Ukija mwisho wa wiki, fungua sanduku la bati chini ya kitanda changu. Nakala ya barua ile ya 1988 iko juu kabisa. Pembeni yule kijana ameandika kwa penseli namba ya jalada alilolikuta, tarehe na saa. Itazame vizuri, kisha uende ukathibitishe, dirisha halijafungwa.

Mama yako