Miamba myekundu ya Arizona na Utah: njia ipi ni rahisi kweli?

*Barua za wasomaji. Anayejibu ni mstaafu wa Lubumbashi aliyefanya kazi miaka mingi katika maabara ya mawe ya mgodi. Binti yake anaishi Phoenix, jimbo la Arizona, Marekani.*

Mzee, jambo sana. Mwanangu ameolewa Phoenix, na mwezi wa kumi nitakwenda kuwaona. Anasema tutapanda gari hadi mji wa Sedona, tutembee kwenye mawe mekundu. Nina miaka 63. Goti la kuume linaniuma nikishuka ngazi, lakini sokoni naenda na kurudi kwa miguu bila shida. Amenitumia majina ya njia nyingi, na zote wameandika kwamba ni rahisi. Nichague ipi?
*Mama wa Katuba*

Jambo sana, Mama. Umefanya vizuri kutaja goti, kwa sababu goti ndilo litakalochagua.

Kwangu mimi, njia rahisi ni ile unayoweza kugeukia mahali popote ukarudi, na bado ukawa umeona ulichokuja kuona. Urefu usikudanganye. Pale Sedona kuna njia ya Cathedral Rock, ambayo kwenda tu ni kilomita 1 na kidogo. Ukiisoma kwenye karatasi utasema ni mwendo wa kwenda kwa jirani. Lakini ndani ya hiyo kilomita moja unapanda zaidi ya mita 200, na kuna mahali mwamba umepasuka, unapita kwenye ufa kwa mikono na miguu. Kupanda utaweza. Kushuka ndiko kutakakolitesa goti. Tena uzuri wake wote uko juu, kwa hiyo ukiishia katikati unarudi na huzuni. Hiyo waachie mwanao na mkwe.

Wewe anza na Bell Rock Pathway. Ni njia pana, karibu tambarare, inapita chini ya mwamba mmoja wenye umbo la kengele, na mwamba huo unauona toka hatua ya kwanza. Tembea dakika kumi, tembea saa nzima, ni juu yako. Kando ya njia utakuta vikapu vya waya vilivyojazwa mawe mekundu, virefu kufika kiunoni au zaidi. Ndivyo vinavyoonyesha njia. Mimi huwa nasimama kwenye kila kimoja, na nikiwa na mtu mwenye goti kama lako tunakubaliana kabisa: kikapu, pumziko, maji, halafu kikapu kingine. Wenye nguvu huendelea kuzunguka hadi nyuma ya Courthouse Butte, mwamba mkubwa wa jirani, mzunguko wa kilomita 6 na nusu hivi. Usijilazimishe.

Ya pili ni Fay Canyon. Hili ni korongo lenye miti, na kivuli katika nchi ile ni mali. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 4, chini ni mchanga, kuta nyekundu zinapanda pande zote mbili. Inaishia pale mawe makubwa yalipoporomoka. Kuna watu wanaoyapanda hayo mawe ili waone mbele zaidi. Wewe kaa chini yake ule karanga zako, utazame juu.

Ukipenda sehemu yenye choo, viti na watu wa kukuelekeza, mwambie mwanao akupeleke Red Rock State Park. Unalipa mlangoni, na ndani kuna njia fupi fupi za jumla ya kilomita 8 hivi, zinazounganika, na mto wa Oak Creek unapita katikati. Kwa mama anayetembea huko mara ya kwanza, mimi ningeanzia hapo hata kabla ya Bell Rock.

Halafu kuna kanisa. Linaitwa Chapel of the Holy Cross, lilimalizika 1956, na limejengwa likiwa limeshikwa na mwamba wenyewe, msalaba mkubwa ukiwa ndiyo ukuta wa mbele. Kufika mlangoni unapanda kwa mteremko wa saruji, pole pole. Ndani kuna utulivu, na kupitia kioo unaona miamba yote. Hata usipotembea njia yoyote siku hiyo, hapo usipakose.

Sasa kuhusu mwili. Kupumua hakutakusumbua: Sedona iko mita 1,300 hivi juu ya bahari, na sisi Lubumbashi tuko karibu 1,200. Kinachosumbua ni ukavu. Unakumbuka mwezi wa saba wetu, midomo inavyopasuka? Huko hewa ni ya namna hiyo sehemu kubwa ya mwaka, tena jua ni kali. Jasho linakauka kabla hujalisikia, kwa hiyo mtu anadhani hatoki jasho na hanywi. Kunywa kabla ya kiu. Vaa kofia pana, mikono mirefu, viatu vya kufunga vyenye soli ya meno. Kikwembe ufunge ukipenda, ila ndani uvae suruali, kwani mipungate na miba mingine iko kando kabisa ya njia.

Mwezi wa kumi umechagua vizuri. Asubuhi kuna baridi, chukua sweta. Muondoke Phoenix alfajiri, maana barabara ni kama saa mbili, na wageni ni wengi hadi mahali pa kuegesha gari panajaa mapema. Toka 2022 kuna basi la bure linalopeleka watu kwenye baadhi ya njia, nalo lina siku zake, mwanao aangalie. Aangalie pia njia zipi zinahitaji karatasi ya kulipia iitwayo Red Rock Pass, ile inayowekwa kwenye kioo cha gari.

Na jambo moja la moyo wangu. Toka Sedona hadi Jerome si mbali, chini ya saa moja. Jerome ni mji wa shaba juu ya mlima. Zamani walikaa watu maelfu, mgodi ukafungwa 1953, leo wamebaki mamia tu. Mtu aliyekulia karibu na bomba la moshi na mlima wa teri wa Lubumbashi, yale mabaki meusi ya kuyeyusha shaba, hawezi kutembea kwenye barabara zile bila kusimama. Nenda ukaone.

Mzee, mimi ni kijana wa Goma, nasoma Salt Lake City, jimbo la Utah. Nimepanda Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, hivyo milima siiogopi. Wenzangu wanataka twende Arches, mbuga ya taifa ya huku Utah, mwezi wa saba kuona tao la mwamba liitwalo Delicate Arch, wanasema ni njia ya watoto. Ni kweli? Nibebe nini?
*Mwana wa Birere*

Kijana wangu, aliyepanda Nyiragongo ana miguu, sina shaka. Lakini Nyiragongo unapanda kwenye msitu, kwenye ukungu, na kule juu unatetemeka. Delicate Arch ni kinyume cha hayo yote. Ni kilomita 4.8 kwenda na kurudi, na sehemu kubwa unapanda mwamba mtupu, mpana, bila mti mmoja wa kukufunika. Mwezi wa saba, saa sita mchana, joto la hewa linaweza kupita digrii 38, na mwamba unakurudishia joto hilo kutoka chini. Watu wenye afya wanazidiwa hapo.

Kama ni lazima iwe mwezi wa saba, anzeni kukipambazuka, kila mtu na lita 2 za maji mgongoni kwa njia hiyo peke yake. Usiseme tutagawana. Mwezi huo pia unaanza msimu wa mvua za radi mchana. Mvua ikinyesha mbali, korongo kavu uliposimama linaweza kujaa maji ukiwa bado unaona anga ya buluu juu yako. Mkisikia radi, shukeni mtoke kwenye mwamba ulio wazi, na msikae ndani ya mkondo.

Mimi ningewashauri mwezi wa tano mwanzoni, au wa kumi. Na kama kuna mwenzenu asiyezoea kutembea, palepale Arches kuna Double Arch, matao mawili yaliyoshikana, na kutoka kwenye gari hata nusu kilomita haifiki. Kusini zaidi, kwenye mbuga ya Zion, kuna Pa'rus, njia ya lami kando ya mto ambayo hata kiti cha magurudumu kinapita, na Riverside Walk, kilomita 3 na nusu hivi kwenda na kurudi, kuta zikikaribiana kadiri unavyoenda. Hizo ndizo za watoto.

Neno moja zaidi, na hili naliomba. Nje ya njia utaona udongo mweusi wenye vinundu vidogo. Piga magoti uutazame: umeshikana juu kama ukoko wa bukari, yaani ugali, na chini yake ni mchanga mtupu. Ule ukoko ni viumbe hai, bakteria na kuvu na mwani, ndivyo vinavyozuia upepo usibebe mchanga na vinavyoupa udongo rutuba. Kiatu kimoja kinauvunja, na kurudi kwake ni miaka mingi sana, pengine makumi. Waambie wenzako wakanyage njia, mwamba au mchanga wa mkondo mkavu, basi.

Nilipoona picha za Sedona nilimwambia mwalimu kwamba ule wekundu ni shaba, kwa sababu Arizona wanachimba shaba kama sisi. Akasema hapana. Nani ana haki?
*Mwanafunzi, Likasi*

Mwalimu ana haki, lakini swali lako ni la mchimbaji, nami nimelifurahia. Ni kweli Arizona inaongoza Marekani kwa shaba. Lakini wewe mtoto wa Likasi, shaba ikikaa kwenye hewa na maji inakuwa rangi gani? Kijani. Malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, umeishika mkononi. Wekundu wa Sedona ni chuma.

Mawe yale ni mchanga ulioshikana, wa miaka milioni 280 hivi. Chukua lenzi utazame karibu: punje yenyewe ni kwatzi, madini magumu kama kioo, isiyo na rangi, na kila punje imevikwa ngozi nyembamba ya hematiti, yaani chuma kilichoungana na oksijeni. Chuma kidogo sana kinatosha kupaka mlima mzima. Udongo unaochafua soksi zako Likasi umepata wekundu wake kwa njia hiyohiyo.

Ukiona picha tena, tafuta michirizi myeusi inayoshuka kwenye kuta. Wengi wanadhani ni moshi. Ni rangi iliyojijenga pole pole juu ya mwamba, udongo laini pamoja na chuma na madini meusi ya manganizi, manganizi ileile tunayoijua kwenye mgodi wa Kisenge. Nilisimama mbele ya ukuta wa namna hiyo hadi binti yangu akaniuliza kama naumwa.

Na ukija kufika huko siku moja, usiokote jiwe. Kwenye mbuga za taifa kama Arches na Zion ni kosa la sheria.

Kuna nyoka?
*Mama wa Katuba, tena, nyuma ya karatasi*

Wapo, Mama, hasa wakati wa joto. Anayeogopwa ana njuga mkiani, na mara nyingi anazipiga ukimkaribia. Akizipiga, simama, umuone yuko wapi, kisha rudi nyuma taratibu umpe nafasi. Usiingize mkono kwenye tundu wala ufa usiouona ndani, na kabla ya kukaa juu ya jiwe, gonga pembeni kwa fimbo. Fimbo utakuwa nayo hata hivyo, kwa ajili ya goti.