Kitenzi na kijineno chake: maswali kuhusu wanafunzi wa Kiingereza wanaozungumza Kihispania

Barua zilizonifikia safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni vile vitenzi vya Kiingereza vinavyofuatwa na kijineno kifupi kama "up", "out", "off" au "on", ambavyo mara nyingi maana yake haipatikani kwa kujumlisha maana za maneno yanayoviunda. "Give" ni kutoa na "up" ni juu, lakini "give up" ni kukata tamaa au kuacha jambo. Walioniandikia ni wazungumzaji wa Kiswahili wanaofundisha, wanaoishi au wanaofanya kazi pamoja na watu ambao lugha yao ya kwanza ni Kihispania.

Shikamoo Mwalimu. Ninafundisha Kiingereza kupitia intaneti, na wanafunzi wangu wengi ni watu wazima walioko Mexico na Colombia. Wanatumia "tolerate", "postpone" na "investigate" bila shida, lakini "put up with", "put off" na "look into" hawavitumii kabisa, ingawa tumevisoma zaidi ya mara moja. Je, ni uvivu? (Msomaji, Arusha)

Marahaba. Si uvivu, na nakusihi usiwaambie kuwa ni uvivu, kwa sababu wanafunzi hao wanafuata njia ambayo lugha yao imewafungulia. Kihispania kimetokana na Kilatini, na Kiingereza nacho kiliazima maneno mengi ya Kilatini, mengine moja kwa moja na mengine kwa kupitia Kifaransa baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066. Mtu wa Bogotá ambaye tangu utotoni amesema "tolerar", "posponer" na "investigar" anapokutana na "tolerate", "postpone" na "investigate" anaona maneno ambayo ni kama alikuwa nayo tayari. Ni maneno sahihi, yanaeleweka, na hayamtii aibu. Ni vigumu kumshawishi ayaache ili achukue "put up with", yenye maneno matatu ambayo hakuna hata moja linalodokeza kuvumilia.

Sababu ya pili iko ndani zaidi. Mwaka 1985 mwanaisimu wa Marekani Leonard Talmy alieleza kwamba lugha hutofautiana kwa mahali zinapouweka mwelekeo wa mwendo. Kihispania huuweka ndani ya kitenzi chenyewe: "salir" ni kutoka, "entrar" ni kuingia, "subir" ni kupanda na "bajar" ni kushuka, na namna ya kwenda huongezwa baadaye ikiwa inahitajika, kama katika "salió corriendo", yaani alitoka akikimbia. Kiingereza hupanga mambo kinyume, kwa kuwa kitenzi chake hueleza namna na mwelekeo huachiwa kijineno, kama katika "she ran out". Utaona kwamba sisi tuko upande wa Wahispania. Tunasema alivuka mto kwa kuogelea, na Mhispania husema "cruzó el río a nado", ilhali Mwingereza husema "he swam across the river". Kwa hiyo ulipojifunza Kiingereza ulipita katika njia hiyo hiyo wanayopita wanafunzi wako, na mwalimu ambaye lugha hiyo ni yake ya kuzaliwa hana kumbukumbu hiyo ya kuwagawia.

Tabia ya kuvikwepa vitenzi hivi imechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka huo huo wa 1985 watafiti Dagut na Laufer waliandika kuhusu wanafunzi wenye lugha ya Kiebrania, ambayo haina vitenzi vya namna hii, na wakaeleza kuwa wanafunzi hao walipendelea kitenzi cha neno moja, hasa pale ambapo kitenzi chenye kijineno kilikuwa na maana ya fumbo. Mwanafunzi anayekwepa hakosei sentensi, ndiyo maana mwalimu hagundui pengo lililopo. Pengo hilo hujitokeza siku anapohamia nchi ya Kiingereza, akasikia watu wakisema "put off" na "look into" kutwa nzima.

Ushauri wangu ni kwamba usiyakataze maneno ya Kilatini, bali uwapeleke wanafunzi mahali ambapo maneno hayo hayafai. Mwambie kila mmoja asimulie siku yake tangu kuamka hadi kulala. Katika masimulizi hayo ataamka, atavaa viatu, atawasha jiko, atawashusha watoto shuleni, ataishiwa mafuta njiani na atazima taa, na karibu kila tendo litamdai "get up", "put on", "turn on", "drop off", "run out of" na "turn off". Hakuna mzazi anayemwambia mtoto "extinguish the light". Anapotumia neno zito katika masimulizi hayo, irudie sentensi yake kwa kitenzi cha kawaida, kisha mwache aendelee bila kumkatiza zaidi.

Mume wangu ni Mhispania. Juzi alimwambia jirani yetu Mwingereza, "I can't support that noise", na jirani hakuelewa. Kosa liko wapi? (Msomaji aishiye Valencia)

Kosa limetokana na neno "soportar", ambalo katika Kihispania maana yake ni kustahimili. Kwa Kiingereza "support" ni kuunga mkono au kutegemeza, kwa hiyo jirani alisikia kwamba mumeo hawezi kuziunga mkono kelele hizo. Alichohitaji ni "put up with". Ndugu za kosa hili ni wengi: "realizar un estudio" hugeuka "realize a study" badala ya "carry out a study", na "quitarse los zapatos" humfanya mtu aseme "quit your shoes" badala ya "take off your shoes". Hapa neno la Kilatini halimpi mwanafunzi hifadhi tena, na mifano kama hii humwonyesha, kuliko maelezo yoyote ya mwalimu, kwa nini anavihitaji vile vitenzi vingine.

Je, Kihispania hakina chochote kinachofanana na vitenzi hivi, ambacho ningeweza kuanzia nacho? (Mwalimu wa lugha, Mombasa)

Kinacho, tena kwa njia mbili, na nafurahi umeuliza, maana walimu wengi huanza kana kwamba mwanafunzi ameingia darasani mikono mitupu.

Njia ya kwanza ni vitenzi vinavyobadilika maana vikipewa kihusishi. "Dar" ni kutoa na "con" ni pamoja na, lakini "dar con" ni kukipata kitu au kukutana nacho, kama "come across". "Meterse" ni kujiingiza, lakini "meterse con alguien" ni kumchokoza au kumwonea mtu, yaani "pick on". "Contar" ni kuhesabu, na "contar con" ni kumtegemea mtu, kama vile "count on" inavyotokana na kuhesabu katika Kiingereza. Mwanafunzi anavisema vitenzi hivi kila siku bila kuhesabu maana ya kila neno. Mwonyeshe hivyo, kisha umwambie kwamba Kiingereza kimeikuza tabia hiyo hiyo mpaka ikaenea lugha nzima.

Njia ya pili ni silabi ndogo "se". Ukisema "comí arroz", umekula wali. Ukisema "me comí el arroz", umeula wote ukaumaliza. "Ir" ni kwenda, na "irse" ni kuondoka. "Llevar" ni kubeba au kupeleka, na "llevarse" ni kuchukua kitu ukaenda nacho. Sasa linganisha na Kiingereza: "eat" na "eat up", "go" na "go away", "take" na "take away". Hazilingani kila mahali, na usimwahidi mwanafunzi kwamba zitalingana, lakini anayejua tofauti ya "comer" na "comerse" ameshaielewa "up" ya kumaliza, ile iliyo katika "drink up", "use up" na "fill up".

Wewe pia unacho cha kulinganisha nacho, nacho ni unyambulishaji wetu. Kutokana na enda tunapata endelea, na Kiingereza kutokana na "go" kimepata "go on". Kutokana na pata tunapata patana, sawa na "get along". Kutokana na ona tunapata onea, ambayo haina tena uhusiano wa wazi na macho, na yeyote aliyejifunza Kiswahili ukubwani anajua jinsi kitenzi hicho kinavyomkanganya mgeni. Sisi huongeza silabi ndani ya kitenzi, nao Waingereza huongeza neno nje yake.

Ninamfundisha mtoto wa familia ya Kihispania iliyohamia hapa. Anasema "turn off it" na "pick up it" kila siku. Nimsaidieje? (Msomaji, Nairobi)

Katika Kihispania kiwakilishi cha yambwa, yaani neno kama "it" linalosimama badala ya kitu kinachotendwa, hushikamana na kitenzi, kama katika "apágalo" au "recógelo", kwa hiyo mtoto anakichukulia "turn off" kuwa kitenzi kizima na kukibandika "it" mwishoni. Kwa kweli amefikiri vizuri. Kanuni ya Kiingereza ni kwamba nomino inaweza kukaa mahali popote kati ya hapo pawili, "turn off the light" au "turn the light off", ilhali kiwakilishi hukaa katikati tu, "turn it off". Vitenzi vingine havikubali kupasuliwa hata kidogo: tunasema "look after him" na "look for it", kamwe si "look it for".

Kumfundisha mtoto majina ya makundi haya hakutamsaidia. Badala yake, kila kitenzi kipya kiandikwe daftarini kikiwa na "it" mahali pake: "turn it off", "pick it up", "give it back", "look after it", "look for it". Akikariri sauti ya kundi zima la maneno, mpangilio utakuja wenyewe. Zingatieni pia matamshi, kwa sababu "pick it up" husikika kama neno moja, na Kihispania, kama Kiswahili, hakijazoea maneno yanayoishia kwa sauti ya p au k.

Kamusi inaorodhesha maelfu ya vitenzi hivi. Vingapi vinatosha? (Mwanafunzi wa chuo, Dodoma, anayejiandaa kufundisha)

Vichache vinabeba mzigo mkubwa. Mwaka 2007 watafiti Gardner na Davies walipochunguza hazina ya matini ya Kiingereza cha Uingereza yenye maneno milioni 100, waligundua kuwa vitenzi 20, kama "go", "come", "take" na "get", vikiungana na vijineno 8, hufanya takriban nusu ya matumizi yote. Mwaka 2015 Garnier na Schmitt walichapisha orodha ya vitenzi 150 vinavyotumika zaidi, wakiwa wamebakiza maana 288 tu, zile zinazokutwa mara kwa mara. Hiyo ni kazi ya mwaka mmoja wa shule bila kumchosha mtu.

Ningependa kuonya juu ya zoezi linalopendwa sana, la kuandika "get" juu ya ubao na kuorodhesha chini yake "get up, get off, get over, get by". Mwanafunzi huchanganyikiwa, kwa sababu kinachofanana ndicho kisichomsaidia. Anza na kijineno. Weka pamoja "find out", "work out", "point out" na "turn out", na ataona kwamba katika zote kilichofichika kinatoka hadharani.

Nimeambiwa kuwa vitenzi hivi ni lugha ya mitaani. Ni kweli? (Msomaji, Zanzibar)

Si kweli. Samuel Johnson alivieleza katika dibaji ya kamusi yake ya Kiingereza ya mwaka 1755, akakiri kuwa ndivyo vinavyowapa wageni ugumu mkubwa kuliko vyote, na akajitahidi kuvikusanya. Baadhi ni vya mazungumzo tu, lakini "carry out", "point out" na "set up" utavikuta katika makala za wanasayansi na hukumu za mahakama.

Ninafanya kazi Houston na wenzangu wenye asili ya Mexico. Wakizungumza Kihispania husema "te llamo para atrás". Mwalimu wangu wa Kihispania anasema hakuna sentensi kama hiyo. Nani mkweli? (Msomaji, Texas)

Sentensi ipo, kwa kuwa umeisikia. Hiyo ni "I'll call you back" iliyovikwa maneno ya Kihispania, "para atrás" ikiwa ni kuelekea nyuma, na husikika miongoni mwa wazungumzaji wa Kihispania nchini Marekani, Puerto Rico na hata Gibraltar. Mwalimu wako anakufundisha Kihispania sanifu, ambacho husema "te devuelvo la llamada", na katika mtihani umfuate yeye. Lakini wenzako hawajaharibu kitu. Wameishi na "call back" na "give back" kwa muda mrefu kiasi kwamba kijineno kile kilichowashinda watu wa Bogotá na Valencia kimepata makao ndani ya Kihispania chao. Ukitaka kuwafundisha wengine, waombe wakusaidie kukusanya mifano zaidi yenye "para atrás", kwa sababu wao wanakihisi kijineno hicho kutoka pande zote mbili.