Khanga Shingoni, Mjusi Darini: Mashujaa wa Katuni na Somo la Sayansi

SWALI: Mhariri, salaam. Mwanangu wa kiume ana miaka 8 na yuko darasa la tatu hapa Tanga. Tangu alipoanza kutazama kwa jirani katuni za Spider-Man, yule shujaa anayetambaa ukutani na kurusha utando kama buibui, hujifunga khanga yangu shingoni akashinda anarukaruka, na juma lililopita aliruka kutoka ukuta wa uani akateguka kifundo cha mguu. Baba yake ameamua kwamba katuni zikome. Mimi nasita, kwa sababu mtoto huyuhuyu, ambaye daftari lake la sayansi halina la kujivunia, aliniuliza usiku ule wakati namkanda mguu kwa nini khanga haikumshusha polepole. Je, mashujaa hawa wanaweza kumvuta kwenye sayansi, au ninajidanganya? — Mama wa Tanga

JIBU: Mama, pole kwa kuuguza. Kuruka ukutani kukatazwe leo hii, na katika hilo baba yake yuko sahihi kabisa. Katuni ni jambo jingine, kwa kuwa mtoto aliyeanguka kisha akauliza kwa nini khanga haikumsaidia amekwisha kuingia darasani bila kupelekwa. (Ingawa, kwa haki, joho la mgongoni ni la Superman, mwanao amechanganya mashujaa wawili.)

Usimjibu kwa maneno. Chukueni kitambaa cha mkononi, mfunge uzi katika kila pembe, nyuzi zote nne zikutane kwenye kijiwe, kisha mkiangushe kutoka juu ya kiti huku yeye akipima muda kwa simu yako. Rudieni kwa kitambaa kikubwa zaidi na kijiwe kilekile, halafu kwa kijiwe kizito zaidi. Ataona mwenyewe kwamba hewa hukinza zaidi kitambaa kilicho kipana, na kwamba mzigo ukizidi kitambaa hushindwa; khanga iliyoning'inia mgongoni ilikuwa nyembamba mno kwa mtoto wa uzito wake.

Khanga hiyohiyo ina kazi ya pili. Watu wawili waishike wima kwa pembe za juu, wakunje upindo wa chini uwe kama mfuko, naye avurumishe yai bichi katikati kwa nguvu zake zote. Yai halivunjiki, lakini likirushwa ukutani hupasuka, kwa sababu khanga hulisimamisha kidogo kidogo na ukuta hulisimamisha mara moja, na kadiri muda wa kusimama unavyokuwa mfupi ndivyo kani, yaani nguvu ya pigo, inavyokuwa kubwa. Hiyo ndiyo kazi ya sponji ndani ya helmeti ya bodaboda, na ndiyo sababu mtu anayeruka hukunja magoti anapotua. Kuna kisa cha Spider-Man kilichochapishwa mwaka 1973 ambamo alimdaka mchumba wake, Gwen Stacy, aliyekuwa akianguka kutoka darajani, na binti akafa hata hivyo kwa kusimamishwa ghafla na utando. James Kakalios, profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, amekitumia kisa hicho kufundishia wanafunzi wake. Nakisimulia kwako wewe. Mtoto wa miaka 8 yai linamtosha.

Akikuuliza kama mtu anaweza kutambaa ukutani, mwonyeshe mjusi kafiri aliye darini kwenu. Nyayo zake hazina gundi. Zina vinyweleo vidogo mno, vingi visivyohesabika kwa jicho, vinavyosogea karibu na dari kiasi kwamba chembe za pande hizo mbili huvutana. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walikokotoa kwamba mtu angehitaji takriban asilimia 40 ya ngozi yake iwe ya kunatia, au viatu vya namba 145. Kwa nini mjusi aweze na sisi tushindwe? Mpe viberiti 8 ajenge kimoja kikubwa, viwili kwenda kila upande: kitako kimeongezeka mara 4, uzito mara 8. Mwili ukikua, uzito huutangulia unyayo. Usimwambie jawabu kabla hajahesabu viberiti, kwani hapo ndipo wazazi wengi huharibu mchezo.

Jambo moja linanikera katika hadithi hizi, nalo ni kwamba nguvu huja kwa bahati: mtu anaumwa na buibui, asubuhi ameamka shujaa. Mwulize mwanao ni kipi alichopewa na buibui na ni kipi alichokitengeneza kwa mikono yake. Katika hadithi ya awali ya mwaka 1962, utando haukutoka mwilini mwa Spider-Man. Yule kijana alichanganya kemikali mwenyewe na kuunda kifaa cha kuurushia. Kisha mtoto achore shujaa wake asiye na nguvu yoyote ila kifaa kimoja, na aeleze kifaa hicho kinafanyaje kazi na kinashindwa lini.

SWALI: Shule yetu haina televisheni wala vitabu vya katuni, na wanafunzi wangu hawawajui mashujaa wa Marekani. Nifanyeje? — Mwalimu wa Gredi ya 5, Lamu

JIBU: Mwalimu, wewe unaye Fumo Liyongo, shujaa wa hadithi za kale za Waswahili. Watoto wako wanajua kwamba alifungwa gerezani, akamwagiza mamake kwa mafumbo amwokee mkate wa wishwa, yaani makapi ya nafaka, wenye tupa ya kukatia chuma ndani, na akakata minyororo wakati watu nje wakicheza ngoma ya gungu. Leta tupa, msumari na kipande cha mti, wajaribu kipi hukwaruza kipi, na wapange vitu hivyo kwa ugumu. Kisha mwanafunzi mmoja asugue tupa kwenye msumari huku wenzake wakipiga ngoma, na mwingine, akiwa mlinzi, arudi nyuma hatua kwa hatua hadi asisikie tena mkwaruzo. Hatua ziandikwe ubaoni, zilinganishwe na zile za wakati ngoma zimenyamaza. Mwisho waulize kwa nini mkate ulikuwa wa wishwa, wakati walinzi walikuwa wakinyang'anya kila chakula kizuri kilicholetwa.