Barua Mbili za Udahili, Shahada Moja ya Habari: Cha Kukagua Kabla ya Kujibu

Mtu akishika barua mbili za udahili, hukimbilia kulinganisha majina ya vyuo. Kwa shahada ya habari, jina lina uzito mdogo kuliko watu wanavyodhani. Mhariri anayeajiri atataka kuona kazi zako, na kazi hizo zitategemea saa ulizokaa na kamera, rekoda na meza ya kuhariri. Basi ulinganisho uwe wa saa hizo kwanza.

Anza na orodha ya masomo ya miaka yote, iliyotenga ya lazima na ya hiari, pamoja na maelezo ya namna kila somo linavyopimwa. Kwa kawaida vitu hivi viko kwenye tovuti ya idara. Visipokuwepo, mwandikie mratibu wa shahada. Kisha pitia kila somo na uliandikie herufi moja: N kwa nadharia, V kwa vitendo. Usidanganywe na jina la somo. “Utayarishaji wa Video” linalopimwa kwa insha ya maneno 3,000 ni nadharia. Linalopimwa kwa filamu ya dakika 5 na shajara ya kazi ni vitendo. Nadharia si adui: anayetaka kuwa mtafiti, mchambuzi au mshauri wa sera ataihitaji sana. Kosa ni kuingia ukitarajia studio, ukakuta maktaba.

Masomo ya hiari yakague kwa jicho la pili, maana ndiyo yanayopamba matangazo. Uliza mambo mawili tu: je, somo hili lilifundishwa mwaka uliopita, na lina nafasi ngapi? Somo la sauti lenye nafasi 15 katika darasa la watu 90 usilihesabu kama lako.

Kama vyuo viko katika mifumo tofauti, krediti zao, yaani pointi zinazoonyesha uzito wa kila somo, hazilingani kwa idadi. Mfumo wa ECTS wa Ulaya una krediti 60 kwa mwaka, vyuo vya Uingereza kwa kawaida vina 120, kwa hiyo somo la krediti 20 Uingereza ni sawa na la krediti 10 za ECTS. Badili kila kitu kiwe asilimia ya mwaka mzima, ndipo ulinganishe V na V. Kumbuka pia kwamba shahada ya Marekani ya miaka minne huwa na masomo mengi ya jumla miaka ya mwanzo, hivyo kamera inaweza kuchelewa kufika mikononi.

Sasa vifaa. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu chuo kitakuonyesha studio inayong'aa na wewe utasahau kupiga hesabu. Swali zuri ni hili: kamera ngapi zinaazimwa, kwa siku ngapi, na nani mwingine anazigombania? Tuseme darasa lina wanafunzi 60 katika vikundi vya watu 4, yaani vikundi 15, na stoo ina kamera 5. Kazi ya wiki tatu ina siku 15 za stoo kuwa wazi, hivyo kuna siku za kamera 75, sawa na siku 5 kwa kila kikundi. Hapo kazi nzuri inawezekana. Lakini kamera hizohizo zikitumiwa na miaka yote mitatu, kila mwaka ukiwa na idadi ileile, kila kikundi kinapata siku moja na theluthi mbili hivi, na mvua ikinyesha siku hiyo imekwisha. Uliza pia kama kifaa kilichoazimwa Ijumaa kinarudi Jumatatu na kuhesabiwa siku moja, na nani analipa lenzi ikivunjika.

Ndani ya kikundi cha watu wanne, mmoja ndiye hushika kamera, na mara nyingi ni yuleyule hadi mwisho. Chuo makini hulazimisha majukumu kuzunguka na humpa kila mwanafunzi angalau kazi moja ya peke yake kila muhula.

Swali la programu ya kuhariri lisikunyime usingizi. Premiere Pro, Avid Media Composer na DaVinci Resolve zina mantiki moja, na anayeijua moja vizuri huhamia nyingine bila kuanza upya. Resolve hata ina toleo la bure. Muhimu zaidi ni saa za kufungwa kwa chumba cha kuhariri wiki ya kukabidhi kazi, na mahali pa kuhifadhi picha. Video inayorekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula gigabaiti 45 kwa saa, na nakala ya akiba inafanya ziwe 90. Kama chuo hakitoi hifadhi, weka diski mbili kwenye bajeti yako.

Omba viungo vya kazi za mwaka wa mwisho. Washindi wa tuzo waache. Tazama kazi tatu au nne za kawaida. Fumba macho usikilize. Picha inaweza kuokolewa na kamera ya gharama, lakini sauti chafu, yenye upepo na mwangwi, huonyesha kwamba hakuna aliyekaa na wanafunzi wale kuwafundisha. Uliza vilevile nani anamiliki haki za kazi hizo, maana vyuo vingine hujiwekea haki ya kuzitumia, na utahitaji ruhusa kuzipeleka kwenye matamasha.

Kuhusu walimu, angalia nani hasa anafundisha mwaka wa pili. Mwanahabari anayekuja mara moja kwa wiki huleta ujuzi wa chumba cha habari, ila huenda asiwepo kusoma rasimu yako. Mchanganyiko wa walimu wa kudumu na wa muda ndio unaofaa. Mafunzo kwa vitendo nayo yapimwe hivi: ni wiki ngapi, yana krediti, na nani anayetafuta nafasi? “Tuna uhusiano na vyombo vya habari” ni maneno matupu mpaka uone wanafunzi wa mwaka jana walipelekwa wapi.

Maswali haya muulize mwanafunzi wa mwaka wa pili uliyemtafuta mwenyewe. Wale wanaovaa fulana za chuo siku ya ziara wamefundishwa majibu.

Upande wa fedha, zidisha ada kwa miaka yote, ongeza malazi, diski, usafiri wa kwenda kurekodi na chakula cha watu watakaoigiza bure. Ufadhili usome hadi mstari wa mwisho: ni wa mwaka wa kwanza tu au wa miaka yote, na alama zikishuka chini ya kiwango gani unakatwa? Punguzo kubwa la mwaka mmoja linaweza kuzidiwa na punguzo dogo la miaka mitatu.

Tarehe za kujibu mara nyingi hazilingani. Chuo cha kwanza kikitaka malipo ya kushikia nafasi kabla cha pili hakijatoa jibu la ufadhili, omba kwa maandishi siku kumi za ziada na utaje sababu. Uliza kabla ya kulipa kama pesa hiyo hurudishwa. Na kama barua ina masharti ya matokeo, usikiachie chuo kingine hadi masharti yatimie au mfumo wa udahili ukulazimishe. Ukishaamua, iarifu idara uliyoiacha siku hiyohiyo. Yupo mtu kwenye orodha ya kusubiri anayeitaka nafasi yako.